Kuhama Windows: nani ahame, nani abaki

Tangu Oktoba 2025, ukipeleka kompyuta kwa fundi Mwanza, iwe Makoroboi, Igoma au Nyegezi, unaweza kupewa moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza: "Mama, Windows 10 imekufa, hii mashine tafuta nyingine." Ya pili: "Achana na Windows, tukupigie Linux, utasahau virusi." Kila kauli ina ukweli kidogo ndani yake, na kila moja ikifuatwa bila kuulizwa maswali inaweza kumgharimu mtu fedha zake au mafaili ya miaka kumi.

Windows na Linux zote mbili ni mifumo endeshi, kwa hiyo tuanze na jina hilo. Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta. Fikiria soko la Mwaloni pale Kirumba. Kuna wauza dagaa, wauza sangara wakavu, wabeba mizigo, meza, mizani, maghala na geti. Uongozi wa soko hauuzi hata kisado kimoja cha dagaa. Kazi yake ni kugawa meza, kufungua geti, kuamua nani anatumia mizani saa hii, na kuzuia huyu asikalie eneo la yule. Ndani ya kompyuta, meza ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea), ghala ni diski, na wafanyabiashara ni programu zako: Word, kivinjari, kicheza video. Windows ni uongozi mmoja, Linux ni mwingine, macOS ya Apple ni wa tatu, na huo wa tatu umekusudiwa mashine za Apple peke yake, kwa hiyo hapa tuuache. Mfanyabiashara aliyezoea taratibu za soko moja hawezi kuamka asubuhi akapanga biashara yake kwenye soko lenye taratibu nyingine. Ndiyo maana faili la Windows linaloishia na .exe halifunguki lenyewe kwenye Linux.

Linux ilianza mwaka 1991 kwa mkono wa Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Kwa maana kamili, Linux ni kiini tu, sehemu ya ndani inayozungumza na vifaa. Juu ya kiini hicho watu mbalimbali wamejenga mifumo kamili yenye madirisha, menyu na programu. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ndilo neno la Kibantu ambalo sisi tunalitamka utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake inamkaribia sana mtu aliyezoea Windows: kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia. Anayesema Linux ni ya wataalamu atazame simu iliyo mkononi mwake. Kama ni ya Android, iwe Tecno, Infinix au Samsung, kiini chake ni Linux.

Kilichokufa tarehe 14 Oktoba 2025

Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa, inafungua intaneti kama jana yake. Kilichokoma ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho ya kuziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa, na Windows 10 imetolewa kwenye mgao huo wa bure. Mtumbwi wa mbao usiokalafatiwa tena hauzami siku ileile. Utaendelea kwenda na kurudi Ukerewe, lakini kila mwezi maji yanapata upenyo mpya, na hakuna anayekuja kuuziba. Programu ya ulinzi iliyo ndani ya Windows 10, Defender, itaendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Hilo ni jambo jema, ila ni sawa na kumlipa mlinzi wa getini huku ukuta wa nyuma una tundu.

Kuna njia ya kununua muda. Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuingia bila kulipa kwa kuwasha hifadhi ya mipangilio kupitia akaunti ya Microsoft. Nenda kwenye Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, utafute kiungo cha kujiandikisha. Kompyuta inatakiwa iwe na toleo la 22H2.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kompyuta nyingi za kanda hii zilikuwa bila viraka muda mrefu kabla ya tarehe hiyo. Mtu anatumia bando la simu, anaona GB 2 zimeyeyuka usiku mmoja, anamwomba fundi azime masasisho. Au Windows yenyewe ni ya kuchakachua, leseni yake imewashwa (activated) kwa programu iliyotoka kwenye flashi ya rafiki, na ili iwashwe Defender ililazimika kuzimwa kwanza. Kwa mashine ya namna hiyo, tarehe 14 Oktoba haikubadilisha chochote, kwa sababu mlango ulikuwa wazi tayari. Ukitaka kujua hali ya yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ukiona tarehe ya kuisha iliyo ndani ya siku 180, na kompyuta si ya ofisi au chuo, karibu hakika imewashwa kwa njia ya mkato. Huyo ndiye mtu ninayemshauri ahame mapema kuliko wote, kwa sababu leo anabeba hatari za Windows bila kupata ulinzi wake.

Je, mashine yako inaingia Windows 11?

Windows 11 inadai RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Namba ya kizazi inasomwa baada ya kistari: i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Ukienda kununua mtumba, HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na haimo kwenye orodha. 840 G5 nyingi ni za kizazi cha nane na zimo. Kwa macho ya kawaida mashine hizo mbili zinafanana, kwa hiyo usinunue kabla ya kuiwasha na kusoma namba: bonyeza kulia kwenye This PC, kisha Properties.

Wapo mafundi wanaoingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine za zamani kwa kuruka ukaguzi. Inawezekana. Programu ya Rufus, inayotumika kuandika mfumo kwenye flashi, ina chaguo hilo. Tatizo ni kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na kila linapotoka toleo kubwa la mwaka utalazimika kurudi kwa fundi alipandishe kwa mkono. Mwenye duka hatakiwi kutegemea hilo.

Na kabla hujalaumu mfumo wowote kwa uzito, angalia diski. Kompyuta ya kizazi cha nne hadi cha sita yenye diski ya kuzunguka itakuwa nzito hata ukiweka mfumo gani. Badilisha iwe SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5 ya GB 240 au 256, ongeza RAM ifike GB 8, na mashine hiyohiyo itawaka kwa sekunde badala ya dakika. Angalia kwanza aina ya RAM, maana mashine za kizazi cha nne hutumia DDR3L na zile za karibuni hutumia DDR4, na haziingiliani hata kwenye tundu lake. Ningependa kila fundi amwambie mteja jambo hili kabla ya kutaja mashine mpya.

Anayepaswa kubaki

Swali la kuhama halijibiwi kwa umri wa kompyuta wala kwa mapenzi. Linajibiwa na programu moja au mbili zinazokuingizia riziki. Anayetunza hesabu za duka kwenye QuickBooks ya kompyuta au Tally abaki Windows, kwa kuwa hazina toleo la Linux. Anayetoa risiti za EFD kupitia programu iliyofungwa kwenye kompyuta amuulize msambazaji wake kwanza, asibahatishe. Mchora ramani wa AutoCAD, mtengeneza kadi za harusi na mabango wa CorelDRAW, Photoshop au Illustrator, hawa nao wabaki. Wapo watakaokuambia kuna Wine, programu inayojaribu kuendesha mafaili ya Windows ndani ya Linux. Ipo na wakati mwingine inafanya kazi vizuri, lakini kazi ya mteja inayotakiwa saa kumi jioni haifai kuwekwa juu ya "wakati mwingine".

Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe anayehitaji SPSS, programu ya takwimu, ana nafasi ya katikati. PSPP, ambayo ni ya bure, hufungua mafaili ya .sav na kufanya majedwali na vipimo vya kawaida, lakini msimamizi wake akidai matokeo yenye sura ya SPSS yenyewe, atakwama.

Waliobaki ni wengi: wanaoandika barua na ripoti, wanaotumia barua pepe, YouTube, WhatsApp kupitia kivinjari, Zoom, fomu za serikali mtandaoni, na kuhifadhi picha. Mwalimu, mwenye steshenari ndogo, katibu wa kikundi cha kukopeshana. Hawa wanaweza kuhama na wakafanya kazi zao zote.

Hama programu kabla ya kuhama mfumo

Makosa mengi hutokea kwa sababu mtu anabadilisha kila kitu siku moja. Jumatatu anaamka, Word haipo, printa haijulikani, anakasirika, Jumanne anarudisha Windows. Fanya kinyume. Ukiwa bado kwenye Windows yako, weka Firefox (kivinjari), LibreOffice (programu ya ofisi kama Word na Excel) na VLC (kicheza video), uzitumie mwezi mzima huku Word ukiiacha bila kuigusa. Zote tatu zipo kwenye Linux kwa sura ileile. Mwezi ukiisha bila kukwama, kuhama mfumo kunakuwa kama kuhama nyumba ukiwa na vyombo vyako mwenyewe.

Tatizo moja la LibreOffice huenda lisionekane mwezi huo, kwa kuwa Windows ina fonti ya Calibri tayari, nalo ni mwandiko. Waraka ulioandikwa kwa Calibri ukifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Calibri, mistari husogea, ukurasa wa tatu unamwagikia wa nne, na jedwali la matokeo ya mitihani linakatika. Dawa ni kuweka fonti za Carlito na Caladea, zilizotengenezwa kwa vipimo sawasawa na Calibri na Cambria. Kwa Times New Roman, Liberation Serif ina vipimo vilevile na huja na LibreOffice. Unapotuma waraka usiotakiwa kuhaririwa, utume kama PDF. Unapopokea wa kuhariri kutoka ofisi yenye mapambo mengi, ufungue kwenye Word ya mtandaoni kupitia kivinjari, ambayo ni ya bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. LibreOffice ina pia kikagua tahajia cha Kiswahili, na hapo watu wa lugha hii wana historia yao: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyojengwa juu ya mti uleule ambao baadaye ulizaa LibreOffice.

Kujaribu bila kuharibu

Linux ina sifa moja ambayo ingetosha kumaliza ubishi mwingi: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako.

Pakua Linux Mint kutoka tovuti yake yenyewe, linuxmint.com. Faili ni karibu GB 3, na masasisho ya mwanzo yatadai GB 1 hadi 2 nyingine, kwa hiyo panga bando. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuonekana limekamilika kumbe lina kasoro, na hii ni moja ya sababu kubwa za usakinishaji kugoma katikati bila maelezo. Hakiki kabla: fungua Command Prompt, nenda kwenye folda yenye faili, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Linganisha herufi utakazopewa na zile zilizo kwenye tovuti. Zikitofautiana hata moja, pakua upya.

Chukua flashi ya GB 8, hamisha kila kilichomo kwa sababu itafutwa yote, kisha tumia Rufus kuandika faili hilo. Zima kompyuta, iwashe huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12. HP ni Esc kisha F9. Acer nayo ni F12, lakini mara nyingi imefungwa na lazima uiruhusu kwanza kwa kuingia BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta) kupitia F2.

Ukishaingia, usipime kasi. Flashi ni polepole kuliko diski, itakudanganya. Pima vifaa: WiFi inaona mtandao? Sauti inatoka? Kamera? Ukifunika mfuniko ukafunua, inaamka? Printa inachapa? Kadi za WiFi za Broadcom ndizo zinazosumbua zaidi, kwa kuwa nyingi hazifanyi kazi mpaka uweke dereva yake, yaani programu ndogo inayowezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, halafu fungua Driver Manager uchague dereva inayopendekezwa. Printa za HP nyingi zinatambulika zenyewe. Printa ndogo za leza za Canon mara nyingi hudai dereva ya kupakua kutoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo mwenye steshenari aijaribu hiyo kabla ya yote.

Flashi hiyo ina faida nyingine hata kwa asiyehama. Kile kirusi cha steshenari kinachogeuza mafolda ya flashi kuwa njia za mkato huwa kimeyaficha tu mafolda halisi. Ukichomeka flashi yenye ugonjwa kwenye kompyuta iliyowashwa Linux, mafolda yaliyofichwa yanaonekana, wakati mwingine ndani ya folda lisilo na jina. Nakili kazi zako, futa yanayobaki.

Siku ya kuhama

Nakili nyaraka zote kwenye diski ya nje, kisha ifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe mafaili yanafunguka. Watu husahau vilivyo kwenye Desktop, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, chukua ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa kitu, la sivyo Windows inaweza kukufungia nje ya mafaili yako mwenyewe.

Ukitaka mifumo miwili kwenye kompyuta moja, punguza sehemu ya Windows kwa Disk Management yake yenyewe, uachie Linux si chini ya GB 40. Kwenye SSD ya GB 128 sishauri, zote mbili zitabanana. Zima "Fast Startup" kwenye Control Panel, Power Options. Isipozimwa, Windows haizimiki kabisa, hulala, na Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe inashika chaji, maana umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, unaweza kupoteza vyote.

Halafu kuna kituko cha saa. Baada ya kuweka mifumo miwili, ukirudi Windows utaona saa imerudi nyuma saa tatu. Betri ya ubao mama (motherboard) haijafa. Linux huandika saa ya dunia (UTC) kwenye ubao huo, Windows huandika ya hapa, na Tanzania iko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu kamili. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, na mgogoro unakwisha.

Mazoea ya bando nayo yanabadilika. Update Manager ya Mint huorodhesha masasisho na kuonyesha ukubwa wa yale uliyochagua, na kwa kawaida haiweki chochote mpaka uruhusu. Kwa mtu wa Nansio, Ukerewe, mwenye mtandao wa kusuasua, hiyo ni nafuu kubwa: wiki hii anachukua viraka vya usalama, vya LibreOffice anavisubirisha mpaka afike mjini. Lakini avichukue. Linux nayo ina matundu yanayogunduliwa, na anayesema haina virusi anasema uongo. Virusi vingi vya steshenari vimeandikiwa Windows, kwa hiyo havikuumizi wewe, ila flashi yako inaweza kuvibeba hadi kwenye kompyuta ya jirani. Na barua pepe ya utapeli inayokuomba nywila haiulizi unatumia mfumo gani.

Kabla ya kufuta Windows moja kwa moja, tafuta mtu mmoja wa karibu anayeijua Linux, au fundi aliye tayari kuishika. Mafundi wengi wa mitaani wanajua Windows tu, na wakikwama suluhisho lao ni kukurudishia Windows ya kuchakachua. Kama humpati, anza na mifumo miwili kwa miezi mitatu, na kwenye daftari andika tarehe ya kila mara uliyolazimika kuwashia Windows, pamoja na sababu. Daftari likiwa na sababu moja tu inayojirudia, shughulikia hiyo. Likiwa tupu mwezi wa tatu, unaweza kuifuta.